Sufuria Ikishaepuliwa: Maji ya Bomba Dodoma Wakati wa Tangazo la Kuchemsha

Mjini Dodoma maji hutokota kabla ya kufika nyuzijoto 100. Jiji limekaa kwenye uwanda wa juu, mita 1,100 na ushei kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo sufuria huanza kububujika kwenye nyuzi 96 hivi. Wapo wanaoisikia habari hii wakaingiwa na wasiwasi: kumbe maji ya huku hayachemki sawasawa, basi yaachwe motoni dakika ishirini, hata nusu saa. Wasiwasi huo hauna msingi. Bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wa kuhara damu hufa haraka maji yakishapita nyuzi 70. Virusi vya homa ya ini aina ya A ni vibishi zaidi, lakini navyo havistahimili nyuzi 85 kwa muda mrefu. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, kazi imekwisha. Shirika la Afya Duniani linaridhika hapo hapo. Mamlaka za afya za Marekani huongeza dakika moja kwa tahadhari, na dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Dodoma haijafika huko.

Dakika ishirini zina bei. Kupandisha lita 20 kutoka ubaridi wa bombani hadi kutokota, juu ya jiko la mkaa ambalo hupoteza sehemu kubwa ya joto lake hewani, hula karibu kilo nzima ya mkaa. Familia ya watu watano wanaokunywa lita mbili mbili kwa siku inahitaji nusu ya hapo, kila siku ya Mungu. Mwenye birika la umeme atatumia kama uniti moja ya LUKU kwa lita hizo kumi. Sasa mwambie mama wa Chang'ombe au Mkonze kwamba maji yakishatokota ayaache motoni dakika ishirini nyingine. Siku mbili atafanya. Siku ya tatu mkaa umepungua, na watoto watakunywa maji ya ndoo kama yalivyotoka bombani. Ushauri unaozidi uwezo wa jiko huishia kutofuatwa kabisa, hata ile sehemu yake ambayo ingetosha.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika jambo la maji ya kuchemsha, macho ya watu wengi yameelekezwa kwenye moto, ilhali hatari kubwa inaanza sufuria ikishaepuliwa.

Kwanza, tangazo lenyewe. Katika miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini tangazo la kuchemsha maji ni tukio: bomba kuu limepasuka, au maabara imekuta vijidudu, na wakazi wa mitaa iliyotajwa wanaambiwa wachemshe maji hadi watakapoarifiwa vinginevyo. Lina mwanzo, lina mipaka, lina mwisho. Tanzania hali ni tofauti. "Chemsha maji ya kunywa" ni agizo la kudumu. Lipo kwenye kuta za zahanati, kwenye vitabu vya shule ya msingi, kwenye vipaza sauti vya magari ya halmashauri kila kipindupindu kinapobisha hodi. Jambo linalosemwa kila siku husikiwa kama kelele za barabarani, na siku hatari ya kweli inapofika hakuna sauti nyingine iliyobaki ya kuwashtua watu.

Na hatari ya kweli imewahi kufika. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa nchi nzima na kudumu miaka. Kufikia Januari 2018 Tanzania ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Ugonjwa huu si mgeni katika njia za bara. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, akifuatilia jinsi kilivyosafiri na misafara hadi pwani na visiwani. Ugogo, nchi ya Wagogo ilipo Dodoma, ilikuwa mapitio ya misafara hiyo. Watu wa misafara walilipa hongo kwa watemi wa Kigogo, na katika nchi ile kavu maji nayo yalikuwa na bei. Watu wengi, wanyama wengi, visima vichache: mazingira ambayo kidudu cha kuhara hakihitaji msaada mwingine.

Visima vichache hivyo vimebadilika sura tu. Maji ya bomba ya Dodoma kwa miongo mingi yametegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa jiji, ambako maji yamelala ndani ya miamba ya granaiti iliyooza na kupasuka. Bonde hilo lina sifa ambayo wakazi wengi wa jiji hawaijui: kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo ni miongoni mwa ndefu kuliko zote za aina yake katika Afrika ya kitropiki. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa chuo kikuu cha University College London, pamoja na wenzao wa Tanzania, walichapisha matokeo ya miaka 55 ya vipimo hivyo. Waligundua kwamba mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana chini ya ardhi. Bonde hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Katikati ya misimu hiyo maji hushuka mwaka baada ya mwaka.

Yaani Dodoma inaishi kwa gharika. Na gharika ina mikono miwili. Mvua ile ile inayojaza mwamba ndiyo inayosomba kinyesi cha ng'ombe, matope ya makorongo na yaliyomo kwenye vyoo vya shimo vilivyojaa, ikayaingiza katika visima vifupi na katika mabomba yaliyopasuka.

Nani aliyejifunza hili kwa uchungu kuliko mji wa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada? Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Bakteria hatari wa aina ya E. koli waliingia katika mtandao wa maji. Wasimamizi wa maji walikuwa na majibu mabaya ya maabara mkononi, wakawaambia wakuu wa afya kwamba maji ni salama. Tangazo la kuchemsha lilitolewa tarehe 21 Mei, na ofisi ya afya ndiyo iliyolitoa, baada ya watu kuanza kujaa hospitalini. Watu saba walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua, katika mji mdogo wa watu wapatao elfu tano. Kanada ilikuwa na maabara, klorini na sheria. Kilichokosekana ni ukweli kusemwa mapema.

Dodoma ya leo inahitaji kulitafakari hilo. Sensa ya 2012 ililikuta eneo la jiji na watu 410,956. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali ilikuwa imehamia, wizara zimejengwa Mtumba, vyuo vimefurika, na maji ya Mzakwe yakabaki yale yale pamoja na visima vilivyoongezwa huku na huku. Yapo mazungumzo ya bwawa la Farkwa wilayani Chemba, na ya bomba la kutoka Ziwa Victoria. Kabla hayo hayajakamilika, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma, DUWASA, huwagawia wakazi maji kwa zamu. Mgao.

Mgao watu huulalamikia kwa sababu ya uhaba, lakini una kasoro nyingine isiyoonekana. Bomba lililojaa maji yenye msukumo huvuja kwenda nje; uchafu hauna njia ya kuingia. Likikaa tupu, msukumo hugeuka. Pale bomba linapokuwa na ufa, na karibu na ufa kuna mtaro wa maji machafu au choo, tope la nje huvutwa ndani. Siku maji yanaporudi, yale ya kwanza kutoka kwenye koki hubeba kutu, mchanga na kile kilichoingia wakati wa ukame wa bomba. Tafiti zilizofanywa Hubli na Dharwad nchini India, miji inayoishi kwa mgao kama huu, zilionyesha kwamba maji ya mwanzo baada ya kufunguliwa ndiyo machafu zaidi. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Area C au Nkuhungu anayefurahi kusikia koki ikikoroma usiku, akakimbia kukinga maji ya kwanza kwenye ndoo ya kunywa, amekinga yale mabaya kuliko yote. Ya kwanza yaingie kwenye pipa la kufulia na kumwagilia michicha. Ya kunywa yakingwe baadaye, yakishakuwa meupe.

Turudi jikoni. Kuna mambo moto hauyawezi, na kwenye uwanda wa kati mambo hayo ni mengi kuliko pwani. Moto huua viumbe hai. Chumvi hauitoi, na maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi inayotia ukoko mweupe ndani ya birika. Floridi hauitoi, na mkoa jirani wa Singida ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye floridi nyingi ardhini, ile inayotia meno madoa ya kahawia na, ikizidi sana kwa miaka mingi, kuumiza mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Naitreti nayo hauitoi. Mtaalamu wa jiolojia Hudson Nkotagu alichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya asili ya naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya Dodoma, na vyoo na maji taka vilikuwa katika picha hiyo. Naitreti ikizidi ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo, kwa sababu huizuia damu yake kubeba oksijeni. Hapa ndipo ile tabia ya dakika ishirini inapogeuka kutoka hasara ya mkaa kuwa madhara: kadiri maji yanavyokaa motoni, mvuke hupaa na naitreti hubaki, ikazidi kukolea katika maji yaliyosalia.

Ndiyo maana tangazo zuri hutamka kwa nini. Kama tatizo ni vijidudu, chemsha. Kama tatizo ni kemikali, usiyanywe, na kuchemsha hakutasaidia. Machi 2022 samaki walielea wamekufa katika Mto Mara, maji yamegeuka meusi, na nchi nzima ikabishana juu ya chanzo. Mtu wa kijijini pale aliyekuwa amefundishwa maisha yake yote kwamba dawa ya maji mabaya ni sufuria, angejuaje kwamba safari hii mambo yanaweza kuwa mengine?

Sasa sufuria imeepuliwa. Maji ni salama kuliko yatakavyokuwa saa yoyote baadaye, kwa sababu maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote ndani yake. Klorini ya bombani, kama ilikuwepo, imepaa na mvuke. Kijidudu kimoja kikidondokea humo kinakuta hakuna wa kukizuia. Mwaka 2004 watafiti Jim Wright, Stephen Gundry na Ronan Conroy walikusanya tafiti 57 kutoka nchi zinazoendelea, wakalinganisha maji yalivyo chanzoni na yalivyo nyumbani. Katika sehemu nyingi maji yalichafuka njiani na ndani ya nyumba, na yale yaliyotoka chanzo safi yalikuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Miaka sita baadaye Amy Pickering wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya Dar es Salaam. Walipima mikono ya akina mama na watoto, wakapima na maji ya ndani. Mikono iliyokuwa na vijidudu vya kinyesi ilikwenda sambamba na maji machafu ya mtungini.

Kila mtu amewahi kuona jinsi inavyotokea. Ndoo ya maji ya kunywa iko pembeni mwa sebule, imefunikwa na sinia. Juu ya sinia kuna kikombe cha plastiki. Mtoto anatoka kucheza, anafunua, anachota, vidole vinne vimezama hadi kwenye kifundo. Anakunywa nusu, nyingine anairudisha. Anayefuata anatumia kikombe kile kile. Mama amechemsha maji asubuhi na kila hatua ya jikoni ameifanya sawa.

Dawa ya hili ni rahisi kupita kiasi, pengine ndiyo maana haipewi heshima yake. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, Les Roberts na wenzake waliwapa baadhi ya familia ndoo yenye mfuniko uliozibwa, tundu dogo la kujazia na mdomo wa kumiminia, ili mkono usiweze kuingia. Hawakubadilisha kingine chochote. Vijidudu vya kinyesi ndani ya maji vilipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kukapungua kwa asilimia 31. Ndoo tu.

Kwa Dodoma, ndoo hiyo ni ile ya plastiki yenye koki chini, inayouzwa sokoni Majengo na kwingineko, ambayo wengi wameizoea kama ya kunawia mikono tangu siku za Uviko. Isipopatikana, dumu la lita 20 lenye mdomo mwembamba linatosha, mradi halikuwahi kubeba mafuta ya taa wala dawa ya shambani. Maji yapoe ndani ya sufuria ile ile yaliyochemshiwa, mfuniko juu, kisha yamiminwe. Yasichanganywe na mabaki ya jana yasiyochemshwa kwa kisingizio cha kupoza haraka. Huo ni mchezo unaofuta kazi yote ya moto. Dumu lioshwe kwa sabuni na lisuuzwe kwa maji salama kabla ya kujazwa tena. Kijani kinachoteleza ndani ya dumu si rangi ya plastiki. Na anayesema dumu la mdomo mwembamba halioshiki vizuri ana haki. Changarawe chache safi zikitikiswa ndani pamoja na sabuni hufika pale ambapo mkono haufiki.

Moto si njia pekee, na katika nyumba isiyo na mkaa wala gesi ya kutosha si lazima uwe njia ya kwanza. Vidonge vya kutibu maji vya WaterGuard au Aquatabs vinauzwa madukani na kwenye famasi. Kidonge cha lita 20 huwekwa kwenye lita 20, si kwenye jagi, na maji hukaa dakika 30 kabla ya kunywewa. Maji yakiwa na tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa au yaachwe yatuame, kwa kuwa tope huila klorini kabla haijawafikia wadudu. Wengine hutumia mbegu za mlonge zilizotwangwa ili tope lizame. Ni ujuzi wa zamani na unafanya kazi, lakini unasafisha rangi zaidi, vijidudu bado vipo. Dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 au 6, hutumika kwa dharura: matone mawili kwa lita moja, au mililita 2 kwa ndoo ya lita 20, kisha nusu saa ya kusubiri. Mtumiaji asome chupa kwanza, maana nguvu hutofautiana, na yenye manukato ni ya nguo tu. Uzuri wa klorini kuliko moto ni kwamba inabaki ndani ya maji ikilinda. Harufu yake hafifu, ambayo watu huilalamikia, ndiyo dalili ya mlinzi aliye kazini.

Klorini ina mipaka yake. Aprili 1993 mji wa Milwaukee nchini Marekani ulitangaziwa uchemshe maji baada ya kimelea kiitwacho kriptosporidio kupenya mitambo ya kusafishia. Inakadiriwa watu 403,000 waliugua. Kimelea hicho huvumilia klorini ya kawaida na kuendelea na maisha yake. Moto hakiuvumilii. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu, anayeishi na VVU bila dawa au aliye kwenye matibabu ya saratani, kuchemsha kunabaki kuwa chaguo la kwanza.

Kisha liko jua, ambalo uwanda wa kati umepewa bila kuombwa. Chupa ya plastiki angavu ya lita moja na nusu au mbili, iliyobanduliwa karatasi, ikijazwa maji meupe na kulazwa juu ya bati kuanzia asubuhi kwa saa sita za jua kali, hutoa maji ya kunywa. Mawingu yakitanda, siku mbili. Shirika la Afya Duniani linaitambua njia hii. Kipimo cha maji kama ni meupe vya kutosha ni gazeti: simamisha chupa juu ya kichwa cha habari, angalia kutoka mdomoni mwa chupa hadi chini, na kama maandishi hayasomeki maji yachujwe. Kwa miezi inayotoka Mei hadi Oktoba, wakati Dodoma haioni mvua ya maana, ni ajabu kwamba mabati ya jiji zima yamekaa bure.

Wakati wa tangazo, maji huingia mwilini kwa milango ambayo watu huisahau. Chai, uji na ugali havina tatizo, kwa kuwa vimechemka. Kachumbari ina tatizo. Barafu za ukwaju na ubuyu zinazouzwa kwenye mifuko midogo nje ya shule zina tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kuganda hakuui kijidudu, hukilaza tu. Zabibu, fahari ya Dodoma, husuuzwa kwa maji ya bomba na kuingia mdomoni moja kwa moja. Kupiga mswaki kunahitaji maji salama. Kuoga hakuhitaji, ila mtoto asimeze. Vyombo vikioshwa kwa sabuni vikasuuzwa kwa maji yenye dawa na kukaushwa juani kwenye kichanja, havina haja ya kufutwa na kitambaa kile kinachofuta kila kitu.

Kosa lingine huzaliwa na nia njema. Nyumba ikianza kuyaona maji kama sumu, huyabana, na cha kwanza kupungua ni kunawa. Katika miaka ya 1960 Gilbert White, David Bradley na Anne White walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania, Dodoma ikiwamo, wakihesabu nani anachota maji wapi na kiasi gani. Katika kitabu chao cha 1972 ndimo Bradley alipoyatenga magonjwa yanayobebwa na maji machafu na yale yanayokuja kwa sababu maji ya kunawia ni machache. Wilaya ya Kongwa, mashariki mwa jiji, inajua vizuri kundi la pili: ndiko Sheila West na wenzake kutoka Johns Hopkins walikofanya utafiti wa vikope kwa miaka mingi, na mwaka 1995 wakachapisha matokeo ya jaribio la kuhimiza watoto wanawishwe nyuso, matokeo yaliyoonyesha kwamba uso safi hupunguza vikope vikali. Maji yasiyochemshwa, pamoja na sabuni, yanafaa kabisa kunawia mikono baada ya chooni. Yamwagwe bila huruma.

Tangazo likiondolewa, kazi ya mwenye nyumba haijaisha siku hiyo hiyo. Koki zote zifunguliwe dakika kadhaa ili maji ya zamani yatoke kwenye mabomba ya ndani. Barafu iliyogandishwa katika siku za tangazo itupwe. Kichujio chenye kishumaa kisuguliwe au kibadilishwe. Kubwa kuliko yote ni simtanki, maana humo yamo bado maji ya siku za hatari, na nyumba nyingi za Dodoma hunywa kutoka simtanki na si kutoka bombani. Limwagwe lote, tope la chini lisuguliwe kwa brashi na sabuni, lisuuzwe. Kisha lijazwe maji, na kwa tangi la lita 1,000 itiwe lita moja ya dawa ya klorini ya asilimia 5. Koki za ndani zifunguliwe hadi harufu itoke, zifungwe, lilale hivyo usiku kucha bila mtu kuligusa. Asubuhi maji hayo yamwagwe chooni au kwenye sakafu ya uani, mbali na michicha na kuku, tangi lisuuzwe mara moja tena, na mfuniko urudishwe ubane, kwa kuwa popo na mijusi wa Dodoma hawasomi matangazo.